Mabomba ya chuma ya mwaka 1972: yaache ukutani, pitisha njia mpya

Swali: Nyumba yetu iko Tanga mjini, aliijenga marehemu baba mwaka 1972. Mabomba yote ni ya chuma na mengi yamezikwa ukutani na chini ya sakafu. Asubuhi maji ya kwanza yanatoka mekundu, jikoni yanachuruzika tu, na tangu Pasaka ukuta wa korido umelowa mara mbili. Fundi wa kwanza alikata kipande akaunga kingine; baada ya miezi miwili maji yakatokea pembeni yake. Fundi wa pili anataka tuvunje sakafu na kuta, tutoe kila bomba, tuweke ya plastiki. Tunaishi humo humo na mama mzee na watoto watatu, na pesa ya kuvunja nyumba nzima hatuna. Uani kuna kisima chenye maji ya chumvi kidogo. Mgao ukizidi tunayapandisha kwenye tangi. Tufanye lipi? (Mwalimu, Tanga)

Jibu: Mwalimu, poleni sana na ukuta huo. Mafundi wako kila mmoja ameshika nusu ya kweli. Wa pili anasema kweli kwamba mabomba yale yamekwisha, tena yote kwa pamoja. Wa kwanza alifanya vizuri kukwepa kuibomoa nyumba. Ushauri wangu ni kwamba usiendelee kuyaziba na wala usiyafukue. Yafungieni maji, yaacheni yalale humo humo ukutani, na mpitishe mabomba mapya kwa njia nyingine kabisa: juu ya dari na kwenye kuta za nje. Kazi hii nimeifanya miaka 30, na katika nyumba za umri wa yenu, zenye watu ndani, sijaona njia nyingine inayowahurumia wenyewe na mfuko wao kwa pamoja.

Nianze na kwa nini kuziba hakusaidii, maana fundi mwingine atakuja kukushawishi ujaribu tena. Mabomba aliyoweka baba yako ni ya chuma kilichovikwa zinki, haya tunayoyaita GI. Zinki kazi yake ni kuliwa badala ya chuma. Siku inapoisha, maji yanahamia kwenye chuma chenyewe, na kutu ya chuma haikai bapa: inavimba, inajijenga kama vichuguu, na kila kichuguu kinazidi kubana njia. Nimekata mabomba ya nusu inchi ya miaka hiyo ambayo ndani hata penseli haikupita. Maji yakilala humo usiku kucha yanajaa kutu, ndiyo wekundu mnaouona alfajiri.

Sehemu dhaifu kuliko zote ni penye uzi, ile mikato ya kufungia bomba kama skrubu. Anayechonga uzi wa kuungia anaivua zinki na kupunguza unene wa chuma, kwa hiyo mabomba mengi huanza kuvuja kwenye viungio, yaani soketi na elbo. Fundi wako alichonga uzi mpya kwenye chuma kilichokwisha kuliwa, kisha akakaza kwa spana ya bomba. Nguvu ile haikuishia mkononi mwake. Ilisafiri hadi kiungo cha pili, ambacho kwa miaka mingi kilikuwa kimeshikwa na kutu tu, ikakiamsha. Ndiyo maana maji yakatokea pembeni. Hata fundi hodari kuliko yeye angepata matokeo hayo hayo.

Kisima nacho kimechangia. Maji ya mjini kwenu yanatoka bwawa la Mabayani, mto Zigi, ni maji baridi yasiyo na chumvi ya kuogopesha. Ya kisima cha uani yana chumvi, na chumvi inakiharakisha chuma kuoza. Kuanzia leo msiyapandishe tena kwenye tangi linalolisha mabomba haya. Yatumieni kwa ndoo, kwa choo na kufulia. Tena angalieni kuta: kama plasta inatoa unga mweupe na kumeguka, basi huenda ilichanganywa kwa mchanga wa pwani, na bomba linaliwa na chumvi kutoka nje huku maji yakilila kutoka ndani.

Kabla hamjatoa hata shilingi, pimeni. Chukua ndoo ya lita 20 na saa. Jaza kwenye koki ya nje iliyo karibu na mita, halafu ujaze kwenye koki ya jikoni, vyote asubuhi ile ile. Kama ya nje inajaa kwa dakika mbili na ya jikoni inachukua kumi, ugonjwa uko ndani ya nyumba. Kama zote mbili zinasuasua, basi presha ya mtaani ni ndogo na mabomba mapya peke yake hayatakuponya. Kisha funga koki zote, hakikisha tangi la choo halijazi, na utazame kile kigurudumu kidogo kwenye uso wa mita. Kikizunguka wakati hakuna anayetumia maji, kuna mahali panavuja. Usipime mara tu maji yanaporudi baada ya mgao, kwa sababu hewa iliyo kwenye bomba nayo huzungusha mita.

Kuhusu watoto na mama mzee: kutu yenyewe inachafua nguo na kuharibu ladha ya chai kuliko inavyoumiza mwili. Kinachonitia hofu ni matundu ya chini ya ardhi. Mgao unapoanza, presha inashuka, na bomba lenye tundu lililokuwa likitema maji nje huanza kuvuta ndani kile kilicholizunguka. Likiwa linapita karibu na shimo la choo, unaelewa linavuta nini. Mpaka kazi iishe, maji ya kunywa chemsheni, na kila maji yanaporudi mwageni ya mwanzo hadi yawe meupe.

Sasa njia mpya. Bomba jipya likipitishwa mahali pengine, la zamani linaendelea kuwahudumia siku zote mafundi wanapofanya kazi. Mama anaoga, watoto wanakwenda shule wamepiga mswaki, na maji yanafungwa siku moja tu, ile ya kuhamisha. Mkifuata njia ya zamani, siku ya kwanza tu nyumba haina maji, sakafu imepasuliwa, na fundi akichelewa wiki mnaokaa na vumbi ni ninyi. Halafu kuna kuta zenyewe. Kufukua bomba la mlalo kwenye ukuta wa tofali ni kuukata ukuta kiunoni. Kanuni ninayoifuata ni kwamba mfereji wa wima usizidi theluthi moja ya unene wa ukuta, na wa mlalo usizidi moja ya sita. Kwa tofali la inchi sita, la milimita 150, hiyo ni milimita 50 kwa wima na 25 tu kwa mlalo. Fundi mwenye grainda na haraka haachi milimita 25.

Kwa hiyo bomba mama, la milimita 32, lishuke kutoka tangini, lipite juu ya kuta chini ya kenchi, na kila chumba chenye maji kishushiwe tawi lake kwa mfereji mfupi wa wima. Jikoni na bafuni, kama vimeegemea uani, ni rahisi zaidi: bomba linapita nje ya ukuta, na kila penye koki ukuta unatobolewa tundu moja la kuliingiza ndani. Halipendezi kama lililozikwa, hilo nakubali. Lakini bomba linaloonekana linakuambia siku ya kwanza linapovuja, na la ukutani linakuambia plasta ikishaanguka. Kila chumba kiwe na stopkoki yake, koki ya kufungia maji ya chumba hicho tu, mahali mkono unafika bila ngazi. Ni vifaa vichache vya kuongeza, na siku shawa ikiharibika nyumba nzima haifungiwi maji.

Ndani ya nyumba tumieni PPR, yale mabomba ya plastiki ya kijani au meupe yanayoungwa kwa kuchomwa moto. Bomba na fitingi, yaani kiungio chake, vinayeyushwa pamoja vinakuwa kitu kimoja, hakuna uzi wa kuliwa isipokuwa pale panapofungwa koki, na hapo dai fitingi yenye uzi wa brasi ndani yake. Ila kuna kosa la vipimo ambalo mafundi wengi wanalifanya. GI hutajwa kwa kadirio la uwazi wake wa ndani, PPR hutajwa kwa kipenyo chake cha nje. Bomba la PPR la milimita 20 daraja la PN20 (PN ni kiwango cha presha linachohimili) lina kuta za milimita 3.4, kwa hiyo ndani linabaki na 13.2, pungufu ya uwazi wa GI ya nusu inchi ilipokuwa mpya. La 25 linabaki na 16.6. Anayeondoa GI ya robo tatu ya inchi akaweka PPR ya 25 akidhani ni saizi moja amembania mteja njia. Penye robo tatu weka 32, ambayo ndani ni 21.2. La 20 libaki la tawi fupi linalolisha koki moja, na matawi ya koki mbili au tatu yawe 25.

Dukani soma maandishi ya bomba kabla ya kulipa: jina la mtengenezaji, kipenyo, unene wa ukuta, daraja la PN. Kisha chukua kipimo uhakiki kama unene ulioandikwa ndio uliopo. Lenye ukuta mwembamba upande mmoja liache hapo hapo. Nunua bomba na fitingi za mtengenezaji mmoja. Na nunua mwenyewe, Mwalimu, au tuma ndugu unayemwamini aende na orodha ya fundi; fundi akinunua na kufunga yeye yule, hakuna wa kumuuliza.

Uchomaji nauzungumza kirefu kidogo kwa sababu ndipo kazi inapoharibika bila mtu kuona. Mashine ya kuchomea inatakiwa ifike nyuzi joto 260 za Selsiasi. Bomba la 20 linakaa kwenye moto sekunde 5, la 25 sekunde 7, la 32 sekunde 8, kisha linasukumwa kwenye fitingi moja kwa moja bila kulizungusha na kushikwa likiwa limetulia. Likizidishiwa moto, plastiki inafurika ndani na kuziba njia. Nimepasua viungo vilivyoonekana vizuri kwa nje nikakuta tundu limebaki nusu. Likipungukiwa moto, linashika kwa ngozi ya juu tu, na litaachia baada ya miezi. Umeme mdogo, au waya wa kuongezea mrefu na mwembamba, unaifanya mashine isifike joto lake, kwa hiyo muulize fundi taa ya mashine inamwambia nini kabla hajachoma. Na kiungo kisichomwe bomba likiwa na unyevu, hata tone moja, kwa sababu mvuke wake unaacha vitobo. Mwambie akuchomee kiungo kimoja cha majaribio, mkipasue kwa msumeno kwa urefu, mtazame ndani. Fundi anayejiamini hatakataa.

Dari zetu za mabati zina joto, na PPR inatanuka kwa joto. Kila mita inaongezeka milimita 0.15 kwa kila nyuzi moja. Bomba la mita 10 likipanda nyuzi 20 kati ya alfajiri na saa nane mchana linarefuka sentimita 3. La maji ya moto likipanda nyuzi 40, sentimita 6. Likibanwa kwa saruji au klipu zilizokazwa kila mahali, linapinda na kuvuta viungo. Klipu zilishikilie huku zikiliacha liteleze, na mahali parefu pawe na kona ya kulipatia bomba nafasi ya kutanuka. Lisiguse mabati. Lolote linalopita nje lifunikwe au lipakwe rangi, maana jua linaikausha PPR hadi inakuwa kama ganda la yai. Kutoka kwenye mita hadi tangini, ardhini, msiweke PPR. Tumieni lile bomba jeusi la HDPE linalouzwa kwa roli, kipande kimoja kisicho na kiungo katikati, lifukiwe kwa mchanga laini kina cha nusu mita, mbali na shimo la choo. Upande wa mtaani, kabla ya mita, ni mali ya mamlaka ya maji. Hapo fundi wako asiguse. Kama pana uvujaji, toeni taarifa.

Jambo lifuatalo naomba ulisome mara mbili. Katika nyumba nyingi za zamani waya wa ithi wa umeme ulifungwa kwenye bomba la maji, kwa kuwa bomba la chuma lililozikwa ardhini huupeleka chini umeme unaovuja. Ukilikata na kuweka plastiki, njia hiyo imekufa. Kuna nyumba tuliyoimaliza vizuri, tukakabidhi, na siku ya pili mama mwenye nyumba alishika jiko la umeme akiwa miguu mitupu kwenye sakafu yenye maji, akarushwa hadi mlangoni. Jiko lilikuwa na hitilafu ya siku nyingi. Umeme wake ulikuwa unashuka kupitia bomba tulilolikata, na sasa ulikuwa umekaa kwenye bodi la jiko. Mungu alimwokoa. Tangu siku hiyo sikati bomba la chuma kabla fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hajaikagua ithi, kupigilia fimbo ya shaba ardhini na kuipima. Kama mnaweza, afunge na ile swichi ya RCD inayokata umeme ukivuja. Nyumba yenye mzee na watoto isikose hiyo.

Bado kuna urefu wa tangi. Hukunieleza limekaa wapi. Kila mita 10 za kimo ni presha ya bar 1, na ukubwa wa tangi hauongezi chochote. Lita 500 na lita 5,000 zikiwa kimo kimoja zinasukuma sawa. Kama kitako cha tangi kiko mita 3 kutoka chini na kichwa cha shawa kiko mita 2, una mita moja tu ya kusukuma maji, na hakuna bomba litakalokupa shawa nzuri hapo. Ama mnara uinuliwe, ama mfunge pampu ndogo ya presha. Lakini pampu ije baada ya mabomba mapya, isitangulie. Nikiwa bado kijana kazini nilimfungia mteja wa Magomeni pampu kwenye mabomba ya zamani kwa sababu aliisisitiza sana. Usiku wa tatu bomba la chumbani kwa watoto lilipasuka ndani ya ukuta, magodoro yakaelea. Plasta na rangi nililipa mimi, na haki ilikuwa yake, kwa kuwa mimi ndiye niliyejua.

Pesa zikiwa hazitoshi kwa mara moja, gawanyeni kazi, lakini mgawanye kwa mpangilio huu: kwanza ithi, halafu bomba la ardhini hadi tangini, bomba mama la juu ya dari, na jikoni. Mabafu yanaweza kusubiri miezi michache yakiwa bado yanalishwa na la zamani, mradi fundi aache matawi yake yamekwisha kuchomwa, yana stopkoki na plagi, yaani kizibo cha mwisho wa bomba. Bomba mama msilipunguze saizi ili kubana matumizi, kwa maana hilo hamtaligusa tena. PPR huuzwa vipande vya mita 4. Tembeeni na tepu nyumba nzima, jumlisheni, gawanyeni kwa 4, ongezeni kipande kimoja kwa kila kumi. Malipo ya ufundi yagawanywe mara tatu: ya kuanzia, ya pili baada ya kupima presha, na ya mwisho baada ya wiki moja ya kutumia maji bila tatizo. Andikianeni.

Kupima presha kufanyike kabla ya plasta hata koleo moja. Fundi afunge plagi kila mwisho, ajaze maji, atoe hewa, apandishe kwa pampu ya mkono hadi bar 10. Nusu saa ya kwanza mshale wa kipimo cha presha utashuka kidogo kwa kuwa plastiki inanyooka. Apandishe tena, kisha auache saa nzima. Ukishuka tena kuna kiungo kimeshindwa, na kitafutwe hapo hapo. Ukisimama, piga picha kila mfereji, tepu ya kupimia ikionekana kutoka kwenye kona ya ukuta, na uzihifadhi. Miaka 10 ijayo mtu atataka kutundika kabati.

Siku ya kuhamisha ianze asubuhi na mapema, ndoo zote zikiwa zimejaa tangu jana. Tangi lioshwe kwanza, maana matope yake ndiyo yatakayoingia kwenye mabomba mapya. La zamani likatwe sehemu mbili, pale linapotoka kwenye mita na pale linaposhuka kutoka tangini, limwagwe maji yote, lizibwe kwa plagi ncha zote ili wadudu wasipate njia. Vipande vya uani vinavyong'oleka kwa urahisi viuzwe chuma chakavu. Vya ukutani viacheni. Kisha fungua chujio dogo la mdomo wa kila koki, anza na koki iliyo mbali kuliko zote, acha maji yakimbie hadi hewa na vumbi la plastiki viishe, rudi nyuma koki moja baada ya nyingine mpaka ufike jikoni. Jaza ile ndoo ya lita 20 tena, uitazame saa.